Spea Inayokaa Mahali Pake

Barabara zinazopanda kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho, Uru na Old Moshi hazimsamehe mtu aliyefunga spea mbovu. Mji wenyewe uko kati ya mita 700 na 950 juu ya usawa wa bahari, na Lango la Marangu, wanapoanzia safari baadhi ya wapanda mlima, limepita mita 1,800. Katikati ya vimo hivyo viwili kuna migomba, kahawa, shule, zahanati na watu wanaoishi juu huku soko lao likiwa chini. Pikipiki ndiyo inayowaunganisha. Inapanda na mifuko ya saruji, mitungi ya gesi na abiria. Inashuka na mikungu ya ndizi na madumu ya maziwa. Ikipanda, mzigo wote unaelemea klachi na cheni. Ikishuka, unaelemea breki. Kwa hiyo katika gereji ndogo za mtaa wa Soweto, mjini Moshi, kazi ninayoistahi kuliko zote hufanyika kabla kifaa kipya hakijafungwa popote: kazi ya kuchagua spea.

Fundi ninayemweleza hapa ana banda la bati, benchi la mbao lililoshiba oili na ubao uliopigiliwa misumari ya kutundikia vifaa. Spana za ringi na za mdomo zimepangwa kwa namba, kuanzia nane hadi ishirini na nne. Kuna nyundo mbili, ya chuma na ya raba. Kuna bisibisi ya kugonga, brashi ya waya, tupa bapa na tupa ya mviringo. Pembeni, ndani ya kasha lake, kuna venia ya kupimia. Vifaa vingine vyote hufutwa jioni. Venia hufutwa kila inapotumika.

Kijana wa bodaboda anaingia akiisukuma Boxer yake.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mdogo wangu. Imefanyaje?”

“Klachi inateleza. Nikishika mlima injini inalia lakini pikipiki haiendi. Na cheni inapiga kelele.”

Fundi hanyanyui spana. Anavuta kigoda, anakaa, anauliza. Unafanyia kazi wapi? Kibosho. Unabeba nini zaidi, watu au mizigo? Mizigo. Cheni ulibadilisha lini? Kabla ya masika. Na sproketi? Sproketi niliacha zilezile, zilikuwa bado nzuri. Oili unaweka ipi? Yoyote ninayopata, ile ya magari ni rahisi kidogo. Kila jibu analipokea kwa kutikisa kichwa, bila kulaumu wala kuharakisha. Mtu asiyemjua angedhani ni mazungumzo ya kupotezea muda. Kumbe ameshaanza kuchagua. Spea ya pikipiki inayozunguka tambarare ya Pasua na ile ya pikipiki inayolala Kibosho zinaweza kuwa na umbo moja na namba moja, na bado fundi akachukua pakiti mbili tofauti.

Baada ya maswali anasimamisha pikipiki kwenye stendi kubwa na kuligusa gurudumu la nyuma. Analizungusha polepole kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa juu ya ekseli. Anasikiliza kwa viganja. Beringi nzima haina habari ya kumpa; beringi iliyoingia tope hutetema kidogo, mtetemo ambao sikio haliupati kwa sababu ya kelele za barabarani lakini mfupa wa kidole unaupata. Hii inatetema. Anaitikisa rimu kushoto na kulia. Kisha anakwenda nyuma kabisa ya sproketi kubwa, anaibana cheni kwa vidole viwili na kuivuta kuelekea kwake. Cheni nzima hukataa kuachia meno. Hii inanyanyuka mpaka nusu ya jino inaonekana.

Hapo ndipo spana zinaposhuka ubaoni. Cheni inafunguliwa na kuzamishwa kwenye karai la mafuta ya taa. Inasuguliwa kwa brashi, pingili kwa pingili, mpaka udongo mwekundu wa mlimani uliochanganyika na grisi unatoka kama uji. Msaidizi wake, kijana aliyepita chuo cha ufundi cha VETA Moshi, anainyoosha kwenye benchi na kuipigilia msumari upande mmoja ili isirudi nyuma. Fundi anahesabu pingili ishirini. Cheni ya namba 428, inayotumika kwenye pikipiki nyingi za biashara, ina milimita 12.7 kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata. Ishirini zikiwa mpya zinatoa milimita 254. Hizi zinasoma 260.

“Zimeongezeka ngapi?” anamuuliza msaidizi.

“Sita.”

“Kwa hiyo kila pingili imekula ngapi?”

Msaidizi anapiga hesabu kichwani. “Pointi tatu ya milimita.”

Watu husema cheni imerefuka, na macho yanakubali, lakini bamba za chuma hazikuvutika. Pini na bushi ndani ya kila pingili zimesuguana mpaka zikapungua, kila moja kiasi kidogo sana, na upungufu huo ukijumlishwa mara ishirini unaonekana hata kwenye rula ya shule. Sababu yake iko kwenye sproketi zilizoachwa zilezile. Meno yake yamelalia upande mmoja na kuchongoka. Cheni mpya ikiwekwa juu ya meno ya namna hiyo haikai kwenye mabonde yake. Inapanda ubavu wa jino na kusuguliwa kila mzunguko mpaka ifanane na lile jino lililochakaa. Kijana alinunua cheni nzuri akaipa mwenza mbovu. Fundi anamwonyesha kwa kidole tu, jino hadi jino, na kijana anaelewa mwenyewe.

Klachi inafuata. Oili inamwagwa kwanza kwenye beseni safi, kwa sababu fundi anataka kuiona. Anaichovya kidole, anaisugua kwa dole gumba, anainusa. Ina harufu ya kuungua. Anafungua kifuniko cha pembeni kwa kulegeza nati kwa zamu, moja huku na nyingine upande wa pili, ili bati lisipinde na uso wake usipate mwanya wa kuvujisha. Springi zinatolewa, kisha pleti moja baada ya nyingine, na zote zinapangwa kwenye gazeti kwa mpangilio uleule zilivyotoka. Pleti za chuma zina madoa ya buluu, dalili ya joto. Pleti zenye msuguo zimekonda. Springi anazisimamisha juu ya kipande cha kioo cha dirisha, zote kwa pamoja, na kuinama mpaka jicho lake lilingane nazo. Mbili ni fupi kidogo kuliko wenzake. Anazipima kwa venia kuthibitisha alichokwisha kukiona. Springi iliyofupika haibani pleti sawasawa. Klachi inashika upande mmoja na kuteleza mwingine, na kule kuteleza ndiko kulikozaa joto lililochora buluu.

Mwisho ni breki. Ngoma ya nyuma inafunguka, vumbi lake linafutwa kwa kitambaa chenye unyevu ili lisipulizwe na kuingia mapafuni. Bitana ya breki shuu bado nene, ila imeng'aa. Fundi anapitisha ukucha, ukucha unateleza. Pikipiki inayoshuka na mzigo lazima igeuze kimo chote ilichopanda kuwa joto, na sehemu kubwa ya joto hilo inaishia hapa, kwenye vipande viwili vya bitana visivyozidi upana wa vidole viwili. Bitana iliyopikwa namna hii inakuwa ngumu na laini juu, na haishiki tena. Anapitisha kidole ndani ya ngoma kutafuta mifereji, kisha anapima kipenyo chake na kukilinganisha na kipimo cha mwisho kilichoandikwa kwenye chuma chenyewe. Ngoma bado iko ndani ya kipimo. Itabaki.

Sasa anaandika orodha, nyuma ya kipande cha boksi. Nimeisoma mara nyingi orodha ya aina hii na kila mara inanifundisha jambo lilelile: haina jina la kampuni. Ina namba. Cheni 428, idadi ya pingili. Sproketi ya mbele, meno kadhaa. Ya nyuma, meno kadhaa, kipenyo cha tundu la katikati, mashimo ya bolti mangapi na umbali kati yao. Beringi 6301, yenye mfuniko wa raba pande mbili. Springi za klachi, urefu, unene wa waya. Pleti, kipenyo cha nje, kipenyo cha ndani, unene, idadi. Breki shuu, kipenyo cha ngoma. Halafu anazitia spea mbovu zote kwenye mfuko wa salfeti na kwenda nazo dukani, kijana akimfuata. Spea mbovu ndiyo shahidi wa kwanza wa jinsi mpya inavyotakiwa kuwa.

Duka la spea ni chumba chembamba chenye rafu hadi darini. Mwenye duka, ambaye kila mtu anamwita Mangi, anajua kwamba mteja huyu atakaa kaunta muda mrefu, na hamkimbizi. Bidhaa zilizo mbele yao zimetoka mbali. Nyingi zimepita Kariakoo, Dar es Salaam, jiji ambalo karibu kila spea ya Tanzania hulipitia. Anayevuka mpaka hukuta soko la namna hiyohiyo Nairobi kwenye Kirinyaga Road, iliyoitwa Grogan Road zamani, na Kampala pale Kisekka. Watu wa biashara hii wote, kwenye miji hiyo mitatu, wanaishi na swali moja: hii ni orijino?

Fundi anaona swali hilo ni fupi mno. Kwake kuna spea za aina nne. Ya kwanza imetoka kwa mtengenezaji wa pikipiki yenyewe, ndani ya boksi lake. Ya pili imetengenezwa na kiwanda kingine, kwa jina lake chenyewe, ili ikae mahali pa ile ya kwanza. Hii ni mbadala halali, na inaweza kuwa bora, sawa au duni. Ya tatu ni feki: imevaa jina lisilo lake. Ya nne ni mtumba, iliyotolewa kwenye pikipiki nyingine. Sheria inaipiga vita ile ya tatu. Tume ya Ushindani hukamata bidhaa bandia kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Shirika la Viwango, lililoanzishwa mwaka 1975, linasimamia ubora. Lakini hakuna afisa anayesimama kaunta wakati mtu ananunua springi nne. Anayesimama pale ni fundi na venia yake, na kazi ngumu kwake ni ile aina ya pili, ambamo kizuri na kibaya vinakaa rafu moja, kwa bei zinazokaribiana, na hakuna aliyedanganya.

Anaanza na beringi kwa sababu ndiyo rahisi. Namba 6301 ni lugha ya dunia nzima: tundu milimita 12, kipenyo cha nje 37, upana 12, iwe imetoka Japani, India, China au Ujerumani. Tarakimu mbili za mwisho ndizo zinazotaja tundu. Sifuri sifuri ni milimita 10, sifuri moja ni 12, sifuri mbili ni 15, sifuri tatu ni 17, na kuanzia sifuri nne unazidisha kwa tano. Kwa hiyo hapa umbo halimsumbui. Anachopima ni mwendo. Anaichomeka kwenye kidole cha shahada, anashika pete ya nje na kuizungusha karibu na sikio. Beringi ya mfuniko wa raba yenye grisi nzuri haizunguki muda mrefu. Inakwenda kwa uzito laini na kusimama taratibu. Inayozunguka kwa wepesi wa kupita kiasi inaweza kuwa na grisi haba. Anaitikisa pete ya nje dhidi ya ya ndani. Anasoma namba iliyochongwa kwenye chuma, kwa sababu boksi hubadilishwa kirahisi kuliko mchoro ulio kwenye pete ngumu. Anaweka mbili pembeni. Moja anarudisha.

Cheni na sproketi anazidai kwa seti, na hapo ndipo anapotumia muda mwingi kuliko kwingine. Cheni anaishika ncha moja ikiwa imelazwa ubavu, ncha nyingine ikining'inia hewani. Iliyotengenezwa kwa vipimo vikali inabaki karibu kunyooka. Yenye pini zilizolegea inajipinda chini mara moja. Anaikunja pingili moja moja kutafuta iliyokaza. Anaangalia kichwa cha pini, kama kimekandamizwa sawasawa kila upande.

Sproketi ya nyuma anailaza juu ya ile mbovu na kupitisha bolti kwenye mashimo yote. Ikibidi kulazimisha bolti hata moja, imekwisha habari yake. Kisha anaiinua dhidi ya mwanga wa mlango na kuizungusha kwenye kipande cha nondo laini, macho yakiwa kwenye ukingo, kuona kama inacheza. Anamwomba Mangi ruhusa, anatoa tupa ndogo na kuigusa kona ya jino moja. Kwenye jino lililokomazwa kwa moto tupa inateleza na kutoa sauti nyembamba. Kwenye jino laini inang'ata. Sproketi ya kwanza inang'ata. Mangi anaichukua bila maneno na kuleta nyingine.

Wachagga wamelijua jambo hili la kuhukumu chuma muda mrefu. Wahunzi wa Mamba, upande wa Marangu, walifua mikuki na majembe kwa chuma kilichotoka Ugweno, Upare Kaskazini, ambako kazi ya chuma ilikuwa ya ukoo wa Washana. Aliyefua hakuwa yule aliyeyeyusha. Pande la chuma lilifika mkononi mwake likiwa limekwisha kuwa zuri au baya, na ilimpasa alijue kabla ya kulipa moto na jasho lake. Fundi wa Soweto yuko katika nafasi hiyohiyo. Chuma chake kimeyeyushwa na watu asiowajua, ng'ambo ya bahari, na kinachomkinga ni jicho, sikio, tupa na kipimo.

Inabaki idadi ya meno. Mtu wa mlimani huomba sproketi itakayompa nguvu. Sproketi ya mbele yenye meno 14 ikivuta ya nyuma yenye 42, gurudumu linazunguka mara moja kila ya mbele inapozunguka mara tatu. Ukishusha ya mbele hadi 13, uwiano unapanda hadi 3.23, na pikipiki inapanda mlima kwa unafuu. Vijana wengi huishia hapo. Fundi anawaza hatua moja zaidi. Sproketi ndogo inaikunja cheni kwa kona kali zaidi, na kila kukunjwa ni msuguano ndani ya pini. Anaweza kupata uwiano wa karibu sawa kwa kuacha 14 mbele na kuweka 45 nyuma, cheni isiumie sana, ila ikahitaji pingili chache za ziada. Kwa upande mwingine, cheni huwa na pingili shufwa, ya ndani na ya nje kwa zamu. Jino la sproketi yenye meno shufwa hukutana na pingili ya aina ileile siku zote. Likiwa kwenye sproketi yenye meno witiri, hupokezana nazo zote mbili na kulika kwa usawa. Anaeleza haya kwa sauti ya chini, akimgeukia kijana, halafu anauliza kama huwa anakwenda pia Arusha kwa barabara kuu. Kijana anasema mara chache. Basi 14 kwa 45. Mwendo wa juu utapungua kidogo, na mlima utakuwa mwepesi.

Breki shuu anazichagua jinsi mama anavyochagua mbegu za maharage kwenye ungo, akitoa moja moja na kuigeuza kabla ya kuamua. Anatazama mpaka kati ya bitana na chuma, kama gundi imejaa hadi ukingoni. Anagonga bitana kwa ukucha. Iliyoshikamana hutoa sauti kavu, iliyoachia hutoa sauti tupu. Anaisugua kwenye sakafu ya saruji ya duka na kuangalia unga unaotoka na alama inayobaki. Ngumu kupita kiasi itaila ngoma, na ngoma ni ghali kuliko bitana. Laini kupita kiasi itaisha kabla ya mwezi, na ikipata moto wa mteremko itaachia. Springi zake ndogo za kurudishia anazivuta kwa vidole na kulinganisha na za zamani.

Za klachi anazisimamisha kaunta kama alivyosimamisha zile mbovu. Anafungua pakiti tatu mpaka anapata moja ambayo springi zake zote zina urefu mmoja. Nguvu anaipima kwa kubana ya zamani nzima na mpya zikiwa zimegusana vichwa, katikati ya viganja viwili, na kuangalia ipi inajikunja kwanza. Springi kali mno itabana vizuri na kumwumiza kijana mkono wa kushoto mchana kutwa. Pleti anapima unene sehemu nne za mzunguko. Mwisho anaomba oili yenye alama ya JASO MA, kiwango cha Wajapani kwa pikipiki ambazo klachi yake inaogelea kwenye oili ya injini. Oili nyingi za magari zimetiwa viungo vya kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki inaishi kwa msuguano. Chupa hiyo ni ghali kidogo kuliko aliyozoea kijana. Fundi anaiweka mbele yake pamoja na pleti zilizoungua, moja kando ya nyingine, na kumwachia achague. Kijana analipia.

Kufunga kunakwenda haraka, kwa sababu ugumu umekwisha kumalizwa dukani. Pleti mpya zinalowekwa kwenye oili kwanza, ili zisianze kazi zikiwa kavu. Kifuniko cha springi kinakazwa kwa zamu, msalaba kwa msalaba, robo mzunguko kila mara. Beringi inagongwa kwa pete ya nje tu, beringi ya zamani ikitumika kama tako la kupokelea nyundo, kwa sababu kugonga pete ya ndani ni kuzitia alama njia za goroli zake. Raba za habu zinakaguliwa. Sproketi inakaa, bolti zinaingia kwa vidole mpaka mwisho kabla ya spana kuguswa. Klipu ya loki ya cheni inawekwa upande wake uliofungwa ukielekea cheni inakokwenda. Fundi anazungusha gurudumu kutafuta mahali cheni inapokaza zaidi, na hapo ndipo anapopima mlegeo, sentimita mbili hadi tatu. Alama za kushoto na kulia kwenye mkono wa nyuma zinasomwa mara mbili. Kingo za bitana zinapunguzwa kidogo kwa tupa ili breki isilie.

Anaipanda mwenyewe, anaielekeza juu, anarudi baada ya muda na kuigusa habu kwa kiganja. Ina joto la kawaida. Anaegemeza sikio. Anapima cheni tena, kisha anamwita kijana.

“Leo na kesho zunguka mjini kwanza. Breki ishike kidogo kidogo mpaka ikae. Halafu ndiyo upande nayo.”

Mfuko wa salfeti anamkabidhi ukiwa na spea zote za zamani. Mwenye pikipiki anayo haki ya kuona kilichotoka.

Bili inahesabiwa hivi: bei ya spea, na pesa ya kufungua na kufunga. Kwa desturi ya gereji zetu, saa zile za kaunta hazimo. Kupima, kugonga bitana, kufungua pakiti tatu ili kupata seti moja, kurudisha sproketi iliyong'atwa na tupa, yote hayo yanachukuliwa kuwa hisani. Naamini desturi hii inapaswa kubadilika, na sisi wateja ndio wa kuibadilisha. Fundi asiyelipwa kwa kuchagua hushawishika kuchukua cha kwanza kilicho karibu, au kula njama na duka linalomwongezea kidogo pembeni. Anayelipwa kwa kuchagua ana sababu ya kukaa kaunta. Ukimpelekea fundi chombo chako, mwulize kazi ya kuchagua ni shilingi ngapi, uilipe ikiwa na mstari wake. Pale ndipo ustadi ulipo, na pale ndipo usalama wa mtu anayeshuka Kibosho na mzigo unapoamuliwa.